Kozi wa Jabalini na Kuku wa Mzazi

Wiki iliyopita nilikuwa uani kwangu Kihesa, Iringa, naanika nguo, mara manyoya yakaanza kuangukia kwenye beseni. Manyoya madogo ya kijivu, laini, yanashuka polepole kana kwamba yana siku nzima ya kushuka. Nikainua uso. Juu ya mnara wa simu, ule ulio nyuma ya nyumba ya jirani, alikuwa amekaa ndege mwenye mabega mapana na kisogo cha rangi ya kutu, amemkanyaga njiwa, anamnyonyoa bila kujali kwamba mimi nimeshafua. Jirani akatoka mbio na ufagio mkononi akipiga kelele, "Mwewe huyo! Ingizeni vifaranga!" Nikataka kumwambia kwamba yule si mwewe, ni kozi, na kozi hana shida na vifaranga vyake. Badala yake nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni, nguo nusu ziko kwenye kamba na nusu kwenye beseni, nikajikuta nalia. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nalia kwa sababu ya ndege.

Jirani nilimwambia ni sabuni imeniingia machoni. Wewe nitakusimulia ukweli.

Nililelewa na bibi mzaa mama, upande wa Isimani, kwenye ile barabara inayotoka Iringa mjini na kushuka kuelekea Mtera. Watu wakisikia Iringa wanafikiria baridi, ukungu, misitu ya mipaini na ulanzi wa Kilolo, ile pombe ya mianzi. Kwetu hakuna hayo. Kwetu ni nchi kavu, ya minyaa na miiba na vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya chumvi. Mvua ikija inakuja kwa hasira, inaondoka, na baada ya hapo unaangalia mbingu miezi saba bila kuona wingu la maana. Mahindi yalikuwa yanatutania tu, yanaota vizuri halafu yanakauka yakiwa yamefika kiunoni. Kilichotuweka hai ni mtama.

Shamba la bibi lilikuwa chini kabisa ya jabali. Sijui nikueleze vipi lile jabali. Ukuta wa mawe mekundu na meusi uliosimama wima, mrefu kuliko jengo lolote nililowahi kuliona wakati ule, una nyufa na vibaraza vya mawe ambako pimbi walikuwa wanaota jua asubuhi. Mchana lilikuwa linawaka kama tanuri, ukisogea karibu unahisi joto usoni. Jioni kivuli chake kinatandaa juu ya shamba lote, na hapo ndipo bibi alipokuwa anatoka na jembe, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake nzito ya mwanakwaya wa Kilutheri aliyezoea kuwekwa mstari wa nyuma.

Tuliishi wawili tu. Mama alikwenda Mbeya kutafuta kazi nikiwa bado naogeshwa kwenye karai. Nilichokuwa nacho cha mama ni kitenge kimoja cha bluu nilichokuwa nafunika miguu, na sentensi moja ya bibi. Kila nilipomuuliza mama atanichukua lini, bibi alikuwa ananijibu vilevile, bila kukasirika na bila kuacha alichokuwa anakifanya: "Akitulia atakuita." Basi nikawa mtoto wa kusubiri kuitwa. Nilikuwa nasikiliza kila basi linalopita barabarani kutoka Dodoma kwenda Mbeya, na lile la kutoka Mbeya nililisikiliza zaidi. Wenzangu shuleni walikuwa wanataka mipira na rula. Mimi nilitaka kondakta ashuke aseme jina langu.

Sasa, mtama ukianza kukomaa, mtoto wa kwetu anahama nyumbani. Kazi inaitwa kuamia, yaani kulinda masuke yasiliwe na ndege. Bibi alinijengea dungu katikati ya shamba, kitanda cha miti juu ya nguzo nne, na kutoka hapo kamba zilikwenda pembe zote za shamba zikiwa zimefungwa mikebe na vipande vya madebe. Ukivuta kamba ya kulia, pembe ya kulia inapiga kelele. Ukichoka kuvuta unapiga kombeo. Kombeo likikuchosha unabaki na koo lako. Alfajiri, kabla jua halijagusa jabali, waamiaji wa mashamba yote walikuwa wanaitana ili kila mmoja ajue mwenzake ameamka, na ole wako usiitike, maana mpaka saa nne asubuhi kijiji kizima kitakuwa kimeambiwa wewe ni mvivu. Nilikuwa na miaka tisa, na sauti yangu ilikuwa inafika mashamba matatu.

Chakula cha dunguni nakikumbuka kuliko vyakula vyote vya maisha yangu. Kiporo cha ugali wa mtama kilichookwa kwenye makaa mpaka kikapata ganda, unakivunja ndani bado kina mvuke, unachovya kwenye mlenda uliowekwa karanga. Togwa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Na katikati ya mchana, njaa ndogo ikija, unashuka unakata bua la mtama lenye utamu, unatafuna na kutema, unatafuna na kutema, mpaka pembe za mdomo zinachanika. Siku hizi nawaona wanangu wanalalamikia mkate hauna siagi, naenda kuinunua.

Adui yetu alikuwa kwelea kwelea. Mmoja ni kitu kidogo cha kuchekesha, anaingia kwenye kiganja. Lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi wa shamba linalochomwa, wanateremka wote kwa pamoja, na wakiinuka unakuta mashina yamebaki na vichwa vitupu. Mtoto mmoja na mikebe yake hawezi kuwafanya kitu.

Ndipo nilipomjua kozi. Jabalini, juu sana, kulikuwa na kibaraza cha jiwe chenye michirizi myeupe chini yake kama mtu amemwaga chokaa. Hapo walikaa wawili, dume na jike. Kwelea wakija, mmoja alikuwa anajiachia tu kutoka pale juu. Hapigi mabawa. Anajikunja, anaanguka, unasikia sauti kama kitambaa kinachochanwa, halafu lile wingu zima la kwelea linageuka kwa woga na kwenda kuwatesa watu wengine mbele huko. Juu yangu yanabaki manyoya machache yanayoelea. Aliyekamatwa ananyonyolewa kulekule kwenye kibaraza, nami nilikuwa nayadaka manyoya yake yakishuka, nayapanga kwenye nyufa za dungu.

Sikumwona hata siku moja akigusa ardhi. Nakuapia. Nilimwangalia msimu mzima, kutoka alfajiri mpaka kivuli kinapofika, na kila alichokula alikikamata hewani. Watu wazima wote walimwita mwewe, kwa sababu kwao kila chenye mdomo uliopinda ni mwewe, ila mwalimu wetu ndiye aliyeniambia jina lake ni kozi. Nikawa namwamkia kila asubuhi, "Kamwene," kama unavyomwamkia mtu mzima wa kwetu. Nilimsimulia habari za mama. Nilimwambia kwamba mimi nikiitwa Mbeya, yeye atabaki na shamba, asimwache bibi peke yake. Unaweza kucheka. Nilikuwa mtoto, na kwa siku nzima huyo ndiye aliyekuwa mwenzangu.

Mwaka huo, mtama ukiwa umeshainamisha vichwa, kuku wa bibi wakaanza kupungua. Kwanza tetea mmoja wa madoadoa. Wiki iliyofuata wawili. Kisha jogoo mwekundu asiye na mkia, jogoo mwenye kiburi ambaye hata mbwa walimpisha. Nilikuwa narudi jioni kutoka dunguni, nahesabu wanaoingia bandani, naona pengo. "Bibi, jogoo yuko wapi?" Bibi akaendelea kupuliza moto. "Mwewe kamchukua."

Nikabisha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumbishia bibi, na sikubisha kwa adabu sana. Nikamwambia jogoo yule ni mzito kuliko kozi mwenyewe, na kwamba kozi hashuki chini. Bibi akanitazama, macho yakimtoka machozi ya moshi. "Wewe unakaa naye huko juu, unajua mashauri yake?" akasema. "Kala kuku, basi."

Habari ikafika kwa jirani yetu. Huyu alikuwa mrina asali, mtu mwembamba wa miguu mirefu, niliyekuwa namwita mjomba ingawa hatukuwa ndugu. Alikuwa na kamba za magome alizosuka mwenyewe, na alikuwa anashuka nazo kwenye majabali kufuata nyuki waliojificha mahali ambapo hata nyani anafikiria mara mbili. Yeye naye vifaranga vyake vilikuwa vimechukuliwa, nadhani na mwewe wa kweli. Akaja uwanjani kwetu na hasira. "Mama, tukimwacha huyu, anatumalizia kuku zote. Mimi naweza kushuka pale. Shida sijui analala wapi, mapango ni mengi."

Bibi hakujibu haraka. Leo, nikikumbuka ule ukimya wake, naelewa kwamba hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Angeweza kusema, acha, tutafunika vifaranga na matenga. Badala yake akanigeukia mimi.

"Huyu anajua," akasema. "Anamwangalia kila siku."

Nikainamisha kichwa. Nikasema sijui. Mjomba akacheka, akasema katoto haka kanamficha rafiki yake. Bibi akaniita karibu, akanishika shavu kwa mkono wake uliokuwa na unga, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao sikuuzoea. "Kuku wakiisha, mwanangu, siku mama yako akija tutamchinjia nini?"

Unaona alivyoujua mlango wangu? Katika mambo yote ambayo angeweza kuniambia, alichagua hilo. Nikamwona mama akishuka kwenye basi, akifika uwanjani kwetu, na sisi tunamwekea mlenda mtupu kama mtu wa kupita. Nikasema, "Nitamwonyesha."

Asubuhi yake nikasimama chini ya jabali na fimbo ndefu ya mtama. Mjomba alikuwa juu, amefunga kamba kwenye mti, amening'inia kama buibui, nami namwelekeza. "Kushoto kidogo, mjomba. Shuka. Bado. Hapo penye chokaa." Jike alitoka akipiga kelele, kek-kek-kek-kek, kelele ambayo mpaka leo siwezi kuisikia nikatulia. Akarudi kumpiga mjomba kichwani mpaka kofia ikadondoka. Mjomba akamtukana matusi ya Kihehe ambayo sitayaandika. Mayai matatu ya rangi ya udongo mwekundu, yenye madoa, akayatia kifuani ndani ya shati, halafu akawasha nyasi alizokuja nazo, akachoma pale pote ili wasirudi. Moshi ukashuka juu ya shamba letu. Mimi bado nimeshika fimbo.

Tulipofika nyumbani, mjomba akayaweka mayai kwenye ungo mbele ya bibi. Alikuwa ametulia sasa, na nilimwona ana jambo linamsumbua. "Mama," akasema, "pale manyoya zipo nyingi. Za kwelea, za njiwa, hata za kwale. Ya kuku sijaona hata moja."

Bibi alikuwa anasonga ugali. Hakuinua kichwa. "Anakula na manyoya," akasema.

Mjomba akachukua kofia yake akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni. Nilijua kwamba ule ni uongo. Miezi miwili nilikuwa nayadaka manyoya yale kwa mikono yangu, na bibi mwenyewe alikuwa ameyaona yamepangwa dunguni. Lakini mtoto wa miaka tisa akijua kwamba bibi yake amesema uongo, anaupeleka wapi ujuzi huo? Nilikula ugali. Kisha bibi akaniambia nikayatupe yale mayai porini yasije yakaleta harufu. Nikayabeba kwenye viganja. Moja lilikuwa bado na joto. Nikayafukia chini ya minyaa, na nilipomaliza nikanawa mikono mara nyingi sana.

Wale kozi walizunguka jabali siku mbili. Hawakuwinda, walizunguka tu wakilia, na mimi sikuwaamkia kwa sababu sikuwa na uso wa kuwaangalia. Siku ya tatu hawakuwepo. Siku ya nne wakaja kwelea. Nilivuta kamba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Niliita mpaka sauti ikaisha, na bibi akaja na ndoo na mwiko, tukapiga pamoja, mimi na yeye, tukikimbia huku na kule kama vichaa, na wao wanateremka nyuma yetu. Tulivuna vikapu vichache. Mwaka huo tulikula uji mwepesi na mboga za porini, na kanisa lilitugawia mahindi, na bibi alikuwa anakifungua kinywa tu kwenye nyimbo bila sauti kutoka. Nilimhurumia. Nilifikiri Mungu anatuadhibu kwa sababu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeonyesha.

Kuku waliobaki waliendelea kupungua, mmoja mmoja, na hakukuwa na ndege wa kusingiziwa. Sikuuliza tena.

Ilinichukua miaka kumi na moja kujua. Nilipata nafasi ya kusomea uuguzi Mbeya, na Jumapili ya kwanza ya ruhusa nikavaa gauni langu la pekee lisilo na kiraka, nikaenda mtaa wa Soweto, ambako watu wa kwetu waliniambia anakaa, kumtafuta mama. Sikuwa nimeitwa. Nilikwenda kama mdai. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, makali, ya kumwonyesha kwamba nimekua bila yeye. Alifungua mlango mwanamke mfupi mwenye pua yangu. Akaniangalia. Akasema, "Karibu, unamtafuta nani?" Nikataja jina langu.

Sitakusimulia kilio. Alinikalisha, akatuma watoto sokoni, wadogo zangu ambao sikuwa nimewahi kusikia kwamba wapo. Mkubwa wao alikuwa msichana wa miaka kumi na moja. Mama akamvuta kwa mkono akasema, "Huyu ndiye niliyekuitia uje kunisaidia kumlea. Ukakataa."

Nikamwambia sielewi. Akafikiri nafanya kiburi. Akaingia ndani akatoka na barua mbili za kutoka kwa bibi, zimekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Alikuwa ameolewa, akasema, ametulia, na alipokaribia kujifungua alimwandikia bibi kwamba sasa mleteni mwanangu. Mumpandishe basi la Alhamisi, kondakta ni mtu wa kuaminika, nitampokea stendi mwenyewe, na shule nimeshaongea. Alhamisi ile akaenda stendi na kichanga mgongoni, mwanamke aliyekuwa na siku tisa tangu ajifungue. Akaangalia kila abiria anayeshuka. Basi likaisha watu. Kondakta akamshushia tenga.

"Nilisubiri mtoto, nikapewa kuku," akasema mama. "Mna tetea wa madoadoa, na tenga la baadaye jogoo mwekundu hana mkia. Na barua, imeandikwa kwamba mtoto kakataa, akisikia Mbeya analia, basi pokea kuku wa uzazi."

Kwetu mzazi hupelekewa kuku. Mama yake ndiye anayepaswa kuwapeleka, apate supu, apate nguvu, maziwa yatoke. Bibi hakuvunja desturi hata chembe. Alituma mmoja, akatuma wawili, kila mama alipouliza tena habari zangu alipelekewa tenga jingine. "Nikala," mama akasema, akinitazama kana kwamba ananiomba ruhusa. "Nilikuwa mzazi, ningefanyaje? Kisha nikasema, kama mwanangu mwenyewe hanitaki, nije huko kufanya nini?"

Nikaishika ile barua. Bibi hakujua kuandika. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu wetu, ile "k" yake yenye mguu mrefu ambayo alitufundisha ubaoni kwa chaki ya njano, na ambayo mimi pia naiandika hivyohivyo mpaka leo. Mwalimu huyu alinichapa viboko vinne kwa kusema nimepoteza kalamu wakati nilikuwa nimemwazimisha mwenzangu. Alituambia mtoto mwongo ni sawa na jino bovu, litang'olewa tu. Na aliandika kwamba nimekataa kwenda kwa mama yangu, akaniona nimerudi darasani baada ya kuamia, akaniuliza jedwali la saba.

Likizo ilipofika nikaenda Isimani. Bibi alikuwa amezeeka, amekaa kwenye ngozi uwanjani anapepeta mtama wa kununua. Aliponiona na gauni la chuo alipiga vigelegele peke yake. Nikamwacha amalize. Sikukaa. Nikamuuliza nikiwa nimesimama, jambo ambalo kwetu hufanyi kwa mtu mzima, "Bibi, mama aliniita?"

Ungo ukasimama mikononi mwake. Nadhani alikuwa anategemea swali hilo siku zote, maana hakujifanya hakusikia.

"Alikuita," akasema.

"Mbona uliniambia hajaniita?"

"Kwangu ulilala na njaa?"

"Ule mwaka wa kwelea nililala na njaa."

Hilo lilimpata. Akaokota punje iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo. "Nilikupiga?"

"Hapana, bibi."

"Nilikunyima?"

"Hapana."

"Basi." Akapepeta mara mbili tatu, kisha akaacha. "Ningebaki na nani, wewe? Yeye alikuwa na mume, ana mtoto mpya. Mimi nilikuwa na nani? Nikasema nimpe kuku. Nimpe kuku zote, kama anataka, ila wewe ubaki."

Nilikuwa nimekuja na hasira iliyopangwa vizuri kama nguo za sanduku, na sikupata mahali pa kuiweka. Nilitaka aseme samahani. Hakusema. Nilitaka kumuuliza kama kweli alinitaka mimi au alitaka mwamiaji wa shamba lake, na sikuuliza, kwa kuogopa kwamba hata yeye asingejua. Nikasema tu, "Na kozi, bibi? Yule alikukosea nini?" Akaniangalia kama anajaribu kukumbuka kozi ni nani. Alikuwa amemsahau kabisa. Hilo nalo, sijui kwa nini, liliniuma kupita yote niliyoyasikia siku ile.

Nilimuuguza mwenyewe mpaka mwisho. Nilimwogesha, nikamlisha uji, na nilipokuwa namgeuza kitandani alikuwa ananishika mkono kwa nguvu za ajabu, kama mtu anayeogopa nitapandishwa basi. Nilimpenda. Siwezi kukudanganya kwamba niliacha. Lakini tangu siku ile uwanjani, kila aliponiambia jambo, hata dogo, hata kwamba chumvi imekwisha, nilikuwa nakwenda kuangalia kopo mwenyewe.

Sasa hivi mashamba ya pale chini ni alizeti. Madungu hayapo, watoto wanakwenda shule asubuhi, na hilo ni jema, sitaki kulililia. Jabali lenyewe limeanza kuliwa upande mmoja, wanavunja mawe ya kokoto, na ule upande wenye kibaraza umebaki na jeraha jeupe. Mjomba mrina asali alifariki. Mwalimu nilikutana naye mara moja mjini Iringa, akanisalimia kwa furaha, akawaambia watu aliokuwa nao kwamba huyu nilimfundisha mimi, na mimi nikamwamkia shikamoo, kwa sababu nililelewa vizuri.

Kwa mama nakwenda kila mwisho wa mwaka na wanangu. Nyumba yake ya Soweto ni ya kelele, wadogo zangu wanaingia na kutoka, wanafunua masufuria, wanajipakulia wakiwa wamesimama, wanagombana na mama kuhusu chumvi, na yeye anawapiga na kitambaa cha jikoni huku anacheka. Nikiingia mimi, anakivua kitambaa hicho begani. Ananiandalia mezani peke yangu, na vile vyombo vya maua vinavyokaa kabatini. Ananawisha mikono yangu kwa birika. Kuku akichinjwa, mimi ndiye ninayewekewa firigisi. Nimeshamwambia mara nyingi, mama, acha, nitajipakulia mwenyewe jikoni kama wenzangu. Ananijibu sawa, mwanangu, halafu anakwenda kutafuta kijiko kizuri cha kuniwekea.